Nyota tano, nyota nne, nyota tatu: mama aende nyumba ipi?

Swali lililonifikia Jumatano lilikuwa hivi: "Dada shikamoo. Mama yangu ana miaka 76, wiki mbili zilizopita kapata kiharusi, upande wa kulia umelegea na maneno yanatoka kwa shida, tena Kiingereza chote kimepotea kabaki na Kiswahili tu. Niko Brooklyn Park, Minnesota, nafanya kazi ghala usiku, mke wangu naye yuko kazini mchana. Hospitali wanataka kumtoa Jumatatu, sosho woka kanipa karatasi ya nasingi homu tatu nichague. Moja ina nyota tano ila ni dakika 40 kwa gari, nyingine nyota nne jengo jipya zuri sana, ya tatu nyota tatu iko dakika 10 kutoka kwangu. Nalinganishaje? Na shangazi kapiga simu kutoka Tanga analia eti nampeleka mama makazi ya wazee. Nisaidie."

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, mwambie mama namsalimia na namuombea afya.

Nianze na shangazi mana najua ndo anayekunyima usingizi kuliko hizo nyota. Kwetu mtu akisikia nyumba ya wazee anaona Nunge pale Kigamboni, au Sebleni na Welezo kule Unguja, yaani sehemu ya mzee asiye na mtu. Sasa mweleze shangazi kwamba mama anakwenda kwenye nyumba yenye manesi masaa 24 na watu wa fiziotherapi wa kumfundisha kusimama, na watu wa tiba ya usemi wa kumfundisha kuongea na kumeza upya, kitu ambacho wewe na mke wako hamuwezi kumpa sebuleni hata mkiacha kazi wote wawili. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza kitandani anahitaji kugeuzwa kila baada ya masaa mawili hivi usiku na mchana, anahitaji watu wawili kumnyanyua, anahitaji mtu anayejua kumlisha asipaliwe chakula kikaingia kwenye mapafu. Hapo hamna kumtupa mtu. Kumtupa ni kumpeleka halafu usionekane, na hilo wewe hutafanya, mana mtu aliyekaa akaandika swali refu kama lako sio wa hivyo.

Haya, tuje kwenye nyota. Umenitumia majina ya nyumba zote tatu, nimezifungua moja moja usiku baada ya shifti kwenye Care Compare, websaiti ya Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee. Mimi nimeanza CNA, yaani msaidizi wa nesi anayeosha, kulisha na kugeuza wazee, nikasoma nesi, na sasa kwa miaka kadhaa kazi yangu ni kujaza zile tathmini ambazo zinapelekwa serikalini na kugeuka kuwa nyota, kwahiyo nitakueleza zinavyopikwa, afu utaona kwanini nyota tatu inaweza kuwa nzuri kuliko nyota tano.

Ile nyota ya jumla unayoiona juu kabisa imetengenezwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni ukaguzi, wakaguzi wa jimbo wanakuja bila taarifa, mara moja kwa mwaka au kabla haijapita miezi 15, wanakaa siku kadhaa wanafungua mafaili wanaangalia watu wanavyooshwa na kulishwa, na mtu akilalamika wanakuja tena. Cha pili ni wafanyakazi, masaa mangapi ya nesi na CNA kwa kila mzee kwa siku. Cha tatu wanaita vipimo vya ubora, wazee wangapi wana vidonda vya kulalia, wangapi wameanguka wakaumia, wangapi wanapewa dawa za magonjwa ya akili na kadhalika. Hesabu inaanza na nyota za ukaguzi, halafu kama wafanyakazi wamepata tano inaongezwa moja, wakipata moja inapunguzwa moja, na vipimo vya ubora hivyo hivyo, tano inaongeza na moja inapunguza. Basi. Mwenye nyota nne za wafanyakazi haongezewi kitu.

Sasa angalia karatasi yako. Ile nyumba ya nyota tano ina nne za ukaguzi, tatu za wafanyakazi, na tano za vipimo vya ubora, kwahiyo ile ya tano imetoka kwenye vipimo. Ile ya jengo jipya ni hivyo hivyo, tatu ukaguzi, tatu wafanyakazi, tano vipimo, jumla nne. Na ile ya jirani yako ina tatu ukaguzi, NNE wafanyakazi, tatu vipimo, jumla tatu. Umeona? Nyumba uliyoanza kuidharau ndo ina watu wengi zaidi wa kumhudumia mama, ila hesabu haikuipa hata nusu ya nyota kwa hilo.

Na hivyo vipimo vya ubora vilivyowabeba wale wawili, sehemu kubwa vinatoka wapi? Vinatoka kwetu sisi wenyewe. Ni nesi wa nyumba hiyo hiyo anayejaza fomu kwamba mzee hajaanguka, mzee hana kidonda. Wengi tunajaza kwa uaminifu, nasema kwa dhati, lakini mwaka 2025 ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani ililinganisha fomu hizo na bili za hospitali, ikakuta kwamba wazee walioanguka wakaumia vibaya mpaka wakalazwa, asilimia 43 ya matukio hayo nasingi homu hazikuyaripoti kwenye tathmini. Karibu nusu! Ndo maana nikiona nyota tano za vipimo zimekaa juu ya nyota tatu za wafanyakazi huwa nasimama nauliza, watu wachache wanapataje matokeo mazuri hivyo?

Nikueleze kitu kilichonitokea nikiwa mwaka wa pili CNA, nyumba siitaji. Usiku mmoja tulikuwa wawili kwa wazee 38, mwenzetu wa tatu hakuja na simu haikupokelewa. Kulikuwa na bibi mmoja mwembamba sana mlango wa mwisho wa korido, ratiba yake ni kugeuzwa kila masaa mawili. Tulimfikia mara mbili usiku mzima. Asubuhi karatasi ya kugeuza ilikuwa imejaa tiki zote, kila masaa mawili, na baadhi ya tiki hizo nilitia mimi kwa mkono wangu kwasababu nesi alisema fomu isibaki wazi. Siku chache baadae namvua soksi nikakuta kisigino kimekuwa na doa jekundu iliyoiva kama zambarau, ukibonyeza haipauki. Kile kisigino sijakisahau mpaka leo, na tangu hapo namba inayotokana na tiki naiheshimu kidogo sana. Masaa ya wafanyakazi ni tofauti, hayo tangu 2016 nyumba zinalazimika kuyatuma moja kwa moja kutoka kwenye malipo ya mishahara, na tangu 2018 ndo yanayotumika kwenye nyota. Mtu hawezi kulipwa kama hakuja. Kwahiyo mdogo wangu kama una muda wa kusoma kitu kimoja tu, soma hapo.

Ila soma kwa akili. Utaona imeandikwa mfano CNA masaa 2.4 kwa mzee kwa siku, usidhani mama atakaa na mtu masaa mawili na nusu. Piga hesabu hivi: nyumba ina wazee 60, mara 2.4 ni masaa 144, gawa kwa shifti ya masaa nane unapata watu 18 kwa siku nzima. Kwa kawaida watawagawa labda nane asubuhi, sita jioni, wanne usiku. Maana yake asubuhi kila CNA ana wazee saba au nane wa kuamsha, kuosha, kuvalisha na kupeleka chai, na usiku mmoja ana 15. Ikishuka ikawa 2.0 ni watu 15, na hapo usiku mara nyingi wanabaki watatu, kila mmoja wazee 20. Mzee mmoja kugeuzwa na kubadilishwa pampasi vizuri ni dakika kumi mpaka 15 kama kazi inafanywa kwa heshima, sasa wewe zidisha mwenyewe mara 20 uone kama masaa mawili yanatosha kurudi kwa wa kwanza. Utafiti wa serikali wa 2001 ulisema chini ya masaa 4.1 kwa jumla, manesi na CNA pamoja, wazee wanaanza kuumia kwa mambo ambayo yangezuilika. Utawala wa Biden 2024 ulitoa kanuni ya kulazimisha angalau 3.48, jaji wa Texas akaifuta Aprili 2025, Bunge likaisogeza mbele mpaka 2034, na mwisho wa 2025 serikali yenyewe ikaifuta kabisa. Kwahiyo sheria ya shirikisho inayobana bado ni ile ya zamani, nesi mwenye leseni masaa 24, na RN, yaani nesi aliyesajiliwa wa ngazi ya juu, angalau masaa nane kwa siku. Usitegemee sheria ikulindie mama kwenye hili, angalia namba ya nyumba yenyewe.

Chini ya hapo kuna namba mbili ambazo watu wengi wanazipita, ziliwekwa 2022. Moja ni masaa ya wikendi. Nyingine ni wafanyakazi wangapi wameacha kazi ndani ya mwaka. Ile nyumba ya jengo jipya, hapo ndo moyo wangu ulipolegea: karibu wafanyakazi saba kwa kila kumi wameacha ndani ya mwaka mmoja, na manija mkuu kabadilishwa zaidi ya mara moja. Jengo linang'aa, lina akwariamu pale mapokezi, lakini watu hawakai. Na watu wasipokaa nafasi inazibwa na ejensi, leo anakuja huyu kesho yule, nami nimefanya ejensi najua, unaingia saa tisa mchana unapewa karatasi ya majina 12 na hujui nani anapaliwa, nani mkono wake hauvutwi, nani anaogopa maji. Kwa mama ambaye hawezi kujieleza kwa Kiingereza hiyo ni hatari kubwa kuliko zote. Yeye anahitaji mtu yule yule aliyemuona jana, ajue kwamba akikunja uso hivi ni maumivu na akigeukia ukutani hivi anataka choo.

Ukaguzi nao usiishie kwenye nyota. Nyota za ukaguzi zinatolewa kwa kulinganisha nyumba za jimbo moja tu, asilimia kumi za juu wanapata tano, asilimia 20 za chini wanapata moja, waliobaki wanagawana katikati. Kwahiyo kama ndugu yako wa Wisconsin anakwambia kule kuna nyumba ya nyota nne, usiilinganishe na ya huku. Wewe fungua ripoti yenyewe, ipo hapo hapo kwenye websaiti, na pia waandishi wa ProPublica wana chombo chao cha kutafutia ripoti hizo kwa maneno. Kila kosa lina herufi kuanzia A mpaka L. Hizo D na E utazikuta karibu kila nyumba. Kuanzia G ujue kuna mtu kaumia kweli, na J, K, L ni hatari ya papo hapo, hapo unasoma kila mstari. Ukiona alama ya mkono mwekundu pembeni ya jina la nyumba maana yake kuna kesi ya kumdhulumu au kumnyanyasa mzee, alama hiyo ilianza 2019, na nyumba ya hivyo mimi nisingempeleka mama hata kama ni mlango wa pili.

Zako zote tatu hazina mkono mwekundu alhamdulillah. Ila nimesoma ripoti. Ya jirani yako ina G moja, miaka miwili nyuma, mzee aliangushwa kwasababu CNA alitumia mashine ya kunyanyulia peke yake badala ya kuwa wawili. Ni kosa kubwa, sikufichi. Lakini ukaguzi uliofuata halikurudi, na ripoti inaonyesha walifundisha watu upya. Ya jengo jipya haina G hata moja, ina D tu, ila D ile ile imerudi kaguzi mbili mfululizo na lalamiko moja katikati: wazee wanapiga kengele hawaitikiwi kwa wakati, mmoja alisubiri mpaka akajikojolea. Kati ya kosa moja baya lililorekebishwa na kosa dogo linalorudi rudi, mimi naogopa zaidi hilo la pili, mana linakwambia pale ndo maisha ya kila siku yalivyo. Ile ya mbali ripoti zake ni safi kwa kweli, nyota nne zake za ukaguzi ni za haki, tatizo lake ni masaa ya wikendi yanashuka sana.

Kwa vile uko Minnesota una bahati ya kitu ambacho majimbo mengi hayana. Jimbo lina Nursing Home Report Card yake, tofauti na ile ya Medicare, na humo kuna majibu ya wazee wenyewe, watu wanatumwa kukaa nao na kuwauliza kuhusu chakula, heshima, upweke, kama wanapata mambo ya kufanya. Pia inaonyesha wafanyakazi wanaodumu na nyumba inatumia watu wa muda kiasi gani. Ifungue uilinganishe. Na jambo lingine la Minnesota, nyumba hairuhusiwi kumtoza anayejilipia zaidi ya kiwango cha Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, kwa chumba cha kushirikiana, kwahiyo usije ukadhani ile ya jengo jipya ni bora kwasababu labda ni ya matajiri. Humo ndani anayejilipia na wa Medicaid ni bei ile ile, wameweka pesa kwenye marumaru tu.

Lakini kompyuta inakupunguzia orodha, haikuchagulii. Lazima uende, na usiende na ile miadi ya Alhamisi saa nne asubuhi ambayo watu wa masoko wanakupangia, hapo watakuonyesha chumba cha mfano kina maua. Nenda Jumamosi hii saa kumi na moja jioni, wakati wa chakula cha usiku, bila kupiga simu. Mlangoni au karibu na meza ya manesi lazima kuwe na karatasi inaonyesha leo kuna manesi wangapi na CNA wangapi na wazee wangapi, hiyo ni sheria, ipige picha. Lazima pia kuwe na faili la ripoti ya ukaguzi mtu yeyote alisome bila kuomba. Likiwa limefichwa kwenye droo tayari umejua kitu.

Halafu kaa kwenye kiti cha korido ufanye kama unasubiri mtu. Angalia taa juu ya milango, ikiwaka moja tazama saa ya simu yako. Dakika tano ni vizuri, kumi ni kawaida ya Jumamosi, 20 ondoka. Angalia nani anaingia kuizima, na kama ameizima akatoka sekunde hiyo hiyo au amebaki, mana kuna mchezo wa kuzima taa na kusema narudi. Chungulia jagi la maji, liko mkono unapofika au limewekwa dirishani? Kwa mama itakuwa lazima liwe upande wa kushoto, mkono wake mzima, ukiona wazee wa kiharusi jagi liko upande uliopooza basi hakuna anayefikiri. Tazama kucha za wazee, tazama midomo kama imekauka. Kwenye chumba cha kulia tazama anayelisha, amekaa usawa wa macho ya mzee akisubiri ameze, au amesimama analisha wawili kwa mpigo huku anaongea na mwenzake. Harufu ya mkojo kwenye kona moja isikutishe, labda mtu kachafua sasa hivi, ila ikiwa korido nzima, au ukakuta harufu kali ya manukato imefunika kila kitu, hilo ni la kila siku.

Afu ongea na CNA. Huku kwetu utamkuta Mkenya, Mliberia, Msomali, wakati mwingine Mtanzania mwenzako anayebeba boksi kama wewe, ukisalimia kwa Kiswahili atafunguka. Usimuulize kama nyumba ni nzuri, atakwambia nzuri kwasababu anaogopa bosi. Muulize "leo una wazee wangapi?" afu "jana ulikuwa na hao hao?" Maswali mawili tu, na majibu yake yana uzito kuliko broshua yote. Uliza pia kama kuna anayeongea Kiswahili shifti yoyote, mana hilo kwa mama yako ni dawa kabisa. Na kama mama anataka aoshwe na mwanamke tu, au chakula halali, sema mapema waandike kwenye mpango wake wa huduma, na uliza wamewahi kuwa na mzee wa hivyo au ndo wa kwanza.

Umbali sasa. Mimi nauhesabu kama sehemu ya ubora wa huduma. Kwa miaka yote niliyokaa kwenye korido hizi nimeona mzee anayetembelewa kila siku, tena kwa saa zisizotabirika, anageuzwa kwa wakati, meno yanasafishwa, nguo zinazopotea zinatafutwa. Haipaswi kuwa hivyo, inaniuma kuiandika, lakini ndo ilivyo. Wewe unatoka ghala asubuhi, nyumba ya dakika 10 utapita ukamlishe uji ukalale. Nyumba ya dakika 40, Januari barabara ikiwa barafu na wewe hujalala, utapita wiki ya kwanza kila siku, mwezi wa pili Jumapili tu, na sio kwasababu humpendi mama. Sheria inakupa wewe kama mwanafamilia haki ya kuingia saa yoyote kama mama anataka, hata saa nane usiku ukiwa mapumziko ya kazi. Itumie. Nenda usiku mmoja wiki ya kwanza, nyanyua shuka taratibu utazame visigino na mgongo chini kiunoni.

Kwahiyo mimi kwa nilivyosoma naegemea ya nyota tatu, ya jirani. Ukienda Jumamosi ukakuta taa zinaitikiwa na CNA wana wazee walewale, mpeleke. Ukikuta hali mbaya chukua ile ya mbali, na jengo jipya liache.

Haya mengine haraka haraka. Hakikisha hospitali ilimlaza kama mgonjwa kamili kwa siku tatu au zaidi, isiwe walimwandika yupo kwenye uangalizi tu, mana Medicare ya kawaida bila siku tatu hizo hailipi. Ikilipa, siku 20 za kwanza ni bure, 21 mpaka 100 kuna mchango wa kila siku, ambao Medicaid inasaidia kama mama anayo, na baada ya hapo ni Medicaid au mfukoni. Kwahiyo uliza kila nyumba: kitanda hiki kinapokea zote mbili, au mazoezi yakiisha mtamhamisha? Hospitali haina ruhusa ya kukuchagulia nyumba, na ukiona Jumatatu ni mapema mno kuna karatasi ya haki za Medicare waliyompa mama, humo kuna namba ya kukata rufaa kabla hajatolewa.

Siku ya kuandikisha watakupa rundo la makaratasi. Kuna sehemu inataka usaini kama mlipaji, nyumba hairuhusiwi kukufanya mdhamini wa deni ili mama apokelewe, saini kwa niaba yake tu, andika hivyo kabisa pembeni ya jina. Na kuna karatasi ya usuluhishi inayokuondolea haki ya kwenda mahakamani, hiyo sio sharti la kupokelewa, kataa kwa upole, na hata ukisaini kwa haraka una siku 30 za kuifuta. Ndani ya masaa 48 lazima wawe na mpango wa mwanzo wa huduma, omba nakala. Mambo yakiharibika kila jimbo lina ombudsman wa wazee, yaani mtetezi anayepokea malalamiko yao, hulipi kitu, na namba yake lazima iwe imebandikwa ukutani.

Jambo la mwisho, hili lifanye Jumapili usiku kabla hajahamia. Chukua karatasi ngumu, andika kwa herufi kubwa maneno yake kumi na chini yake Kiingereza chake na jinsi ya kutamka: maji, choo, naumwa, baridi, nigeuze, sitaki, nimeshiba, njaa, mwanangu, pole. Juu kabisa andika jina analoitwa nyumbani. Wahudumu wa huku wanaita watu kwa jina la kwanza kavu, na mama wa Tanga wa miaka 76 akiitwa hivyo na mtoto wa miaka 20 atanyamaza tu na hutajua kimemuuma nini, kwahiyo kama ni Mama Fulani aitwe Mama Fulani. Ibandike ukutani upande wa kushoto, anakoweza kuona na kunyoosha kidole.

Jumamosi ukitoka kuzizungukia niandikie usiku huo huo, hata saa tisa, niko shifti mpaka asubuhi. Nitumie na ile picha ya karatasi ya mlangoni.